Si Goti, Baba Flora

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mingi ikiwa ndani ya chumba cha picha za mionzi na iliyobaki kwenye barabara za vumbi kati ya Masasi na Newala, Ndugu Vitalis Nikolao anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Alianza kama mtaalamu wa mionzi, anamaliza kama msimamizi wa utafiti wetu wa kuvunjika nyonga kwa wanaume wazee. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wake kwenye kijitabu hiki mlichokishika, ikasisitiza niandike kwa furaha. Nimejitahidi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtani wake. Ukoo wake na wangu hutaniana tangu enzi za mababu, yeye Mkristo wa Lulindi na mimi Muislamu wa Kitangari, na dini haijawahi kuuzuia mdomo wangu. Mtani anaruhusiwa kusema yale ambayo bosi hawezi kuyasema na mke anaogopa kuyasema. Pia niseme kwamba mimi ni mwoga. Nikiona ganda la ndizi njiani narudi kuliondoa, nikimwona mzee anapanda ngazi nashika moyo. Uoga huo sikuzaliwa nao, nimeambukizwa na huyuhuyu tunayemuaga leo, kwa hiyo msishangae mkiona maandishi yanatetemeka kidogo.

Na sababu ya kutetemeka ni hii. Mwanzoni mwa mwezi huu Baba Flora, kama tunavyomwita Vitalis, aliteleza nyumbani kwake hapa Newala, asubuhi ya ukungu, juu ya mfuniko wa saruji wa kisima cha maji ya mvua. Akainuka mwenyewe, akajipangusa, akaja kazini. Tangu siku hiyo anachechemea. Ukimuuliza, anatabasamu na kusema ni goti. Wageni wanampa pole na kuendelea na safari zao. Sisi tuliofanya naye kazi tukilisikia neno hilo mwili unatusisimka, na ili mjue kwa nini, itabidi niwasimulie habari zake tangu mwanzo.

Vitalis alizaliwa Lulindi, mtoto wa mkulima wa korosho aliyekuwa pia mpiga kengele wa kanisa. Alisoma hapohapo, akaenda kusomea mionzi, akarudi na koti jeupe lililomzidi kimo. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Masasi, kwenye mashine kuukuu iliyokuwa ikinguruma kabla ya kupiga picha. Wenzake wa wakati ule wanasema kila asubuhi aliiamkia shikamoo, kwa kuwa ilimzidi umri, na siku ambazo alisahau haikuwaka. Mimi sikuwepo, lakini namwamini aliyenisimulia, maana nimemwona kwa macho yangu akiomba radhi kwa kiti alichokigonga.

Ni mtu wa kutazama miguu. Mkikutana naye sokoni atakusalimia vizuri, atakuulizia nyumbani, atacheka, na muda wote huo macho yake yako chini anaangalia unavyokanyaga. Kwenye harusi ya binti yake Flora aliwazuia wapiga tarumbeta mlangoni mpaka sakafu ya ukumbi ilipofutwa na kukauka. Bwana harusi alisubiri nje na shada la maua mkononi. Mishikio yote ya chuma mnayoiona kwenye ngazi za majengo yetu ni kelele zake, na ile iliyopakwa rangi ya njano aliipaka mwenyewe siku ya Jumapili baada ya ibada.

Utafiti ulianza kwa swali dogo. Katika chumba cha picha Vitalis aliwaona bibi wengi waliovunjika nyonga, na mababu wachache mno. Vitabu vinasema wanawake huvunjika zaidi, sawa, lakini vinasema pia kwamba mwanamume akivunjika nyonga hufa upesi kuliko mwanamke. Sasa hawa wanaume wa kwetu wako wapi? Hawavunjiki, au wanavunjika na hawaji? Swali hilo lilimkaa kooni, akalipeleka kwa wakubwa, wakubwa wakalipeleka kwa wafadhili, na hatimaye tukapewa gari, dereva, ofisi ndogo hapa Newala na kazi ya kupima.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Chini unaandika wanaume wote wa eneo lako waliofikisha miaka hamsini. Juu unaandika waliovunjika nyonga ndani ya mwaka. Ukigawanya unapata kiwango, na kwa kiwango hicho wakubwa wanaamua wodi ya wanaume iwe na vitanda vingapi, vyuma vya kuungia mifupa viagizwe vingapi, na daktari bingwa apande huku mara ngapi. Namba ya chini tulipewa kutoka kwenye sensa. Namba ya juu ilikuwa imelala ndani ya nyumba za watu, na ikikosewa, wale waliomo humo wanabaki humohumo.

Tulianza kwa kukosea jina. Gari letu liliandikwa ubavuni kwa herufi kubwa: UTAFITI WA NYONGA KWA WAZEE WANAUME. Aliyeandika hakuona ubaya, wala sisi. Lakini huku kwetu Kiswahili watu wengi wamekipata shuleni na sokoni, nyumbani wanaongea Kimakonde, Kimakua na Kiyao, na neno nyonga wanalolijua ni la kunyonga. Tulipofika kijiji kimoja mbele ya Kitangari hatukumkuta mwanamume hata mmoja mwenye mvi. Habari zilikuwa zimetutangulia kwamba limekuja gari la kunyonga wazee. Mababu wote walikuwa kwenye mikorosho, wengine wamebebwa mgongoni na wajukuu.

Mtendaji wa kijiji alituzuia kwa adabu na kutuuliza kamba tumeziweka wapi. Vitalis, katika kutaka kumtoa hofu, akafungua lile bango letu lenye mchoro wa mfupa wa paja na nyonga. Basi akawa amemwaga petroli kwenye moto. Mama mmoja aliyekuwa akitwanga alikuja na mchi begani, akasimama mbele ya gari na kupiga kelele, "Mwaona? Hata mifupa yao wanayo!" Mawe mawili matatu yaligonga boneti. Mimi nilikuwa chini ya kiti, namtaja Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Vitalis alikunja bango taratibu, akawaaga wote mmoja mmoja, akamwambia dereva wetu Fortunatus arudi nyuma bila kugeuza. Leo tunacheka. Siku ile tuliondoka tukiwa hatuna uhakika wa kufika barabarani.

Tukaifuta ile nyonga ubavuni mwa gari, na kwenye dodoso tukaweka neno ambalo kila mtu analijua, kiuno. Hapo ndipo tulipoharibu zaidi. Mwanamume wa huku aliyetoka jandoni, hata awe na miaka themanini, ukimtajia kiuno mbele za watu hafikirii mfupa. Anadhani unamuulizia kama bado anamfaa mkewe. Wengine walitukasirikia. Wengine walicheka na kujipiga kifua. Babu mmoja alimwambia Vitalis, "Kiuno changu kizima, mwanangu, kamuulize mama yako humo ndani." Na huyo mama humo ndani akaitikia kwamba kizima kabisa, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ukuta una masikio ya watani.

Maana watani ndio waliokuwa tishio lenyewe. Kijijini ikijulikana mzee fulani amevunjika kiuno, watani wake hawalali njaa siku hiyo. Watakuja kumposa mkewe mbele yake, watapima mlango kama kitanda kipya kitapita, watamwimbia. Ni mzaha, na mzaha huo una upendo wake, lakini mzee anayelala kwa maumivu anauogopa kuliko maumivu. Kwa hiyo mwaka mzima walituambia, kwa upole na kwa kauli moja, kwamba viuno ni vizima ila goti linasumbua kidogo.

Tukaandika goti. Kijiji baada ya kijiji, goti. Tulibeba dawa za kuchua kwenye katoni tukazigawa kwa moyo mkunjufu. Mwisho wa mwaka namba ya juu ilikuwa karibu na sifuri, na ripoti ikatoka ikisema wanaume wa uwanda huu wana mifupa imara mno, labda kwa sababu ya kazi za shamba na kupanda milima. Tulipiga makofi. Vitalis naye alipiga makofi, akasema sasa anaweza kupumzika.

Muda si mrefu tukapata msiba Lulindi. Alifariki Mzee Silvesta, mjomba wake Vitalis. Alikuwa miongoni mwa watu wetu wa goti. Vitalis mwenyewe ndiye aliyemhoji, akampa dawa ya kuchua, na mara zote alimkuta ameketi barazani, maana mzee hakuinuka mbele ya wageni. Miezi michache baadaye akapata vidonda vya mgongoni, halafu homa ya mapafu, halafu basi. Tulikwenda ofisi nzima kuhani.

Mchana baada ya mazishi watani wakaanza kazi yao. Mwanamama mmoja aitwaye Sabina alivaa koti la marehemu, akaweka kofia yake kichwani, akachukua fimbo yake, akaanza kutembea mbele ya waombolezaji jinsi Mzee Silvesta alivyokuwa akitembea akiwa nyumbani kwake mwenyewe. Watu walicheka huku wanalia, kama inavyokuwa. Mguu wa kulia alikuwa ameufupisha, kisigino hakigusi chini. Unyayo aliugeuza kabisa ukatazama nje. Na kila alipotaka kukanyaga, kwanza aliushika pajani kwa mkono akaunyanyua kama mzigo.

Nilimtazama Vitalis nikitegemea atakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umepauka. Akasimama katikati ya watu, akamwambia Sabina, "Mama, tafadhali, tembea tena." Watu walidhani ameingia kwenye mchezo, wakashangilia. Sabina akatembea tena, safari hii kwa mbwembwe, akazunguka uwanja mzima. Vitalis akainama sikioni kwangu na kusema, "Rukaiya, lile si goti." Mtu yeyote aliyesomea mifupa analijua umbo lile: mguu uliofupika, unyayo ulioangalia nje. Ni nyonga iliyovunjika ikaachwa. Mjomba wake alikuwa ametembea nayo, na sisi tulikuwa tumempa ya kuchua.

Tulipanda gari kurudi Newala. Kila mmoja wetu alikuwa anahesabu magoti yake kimoyomoyo. Nilijaribu kuzikumbuka sura za wale wazee mmoja mmoja, waliokuwa wameketi barazani wakitupokea bila kuinuka, na nikagundua kwamba wengi wao sikuwahi kuwaona wakitembea. Hofu iliyoniingia siku hiyo haijatoka.

Tulianza upya. Safari hii hatukumuuliza mzee wala mkewe. Tulifika kijijini, tukasalimia, tukaomba kuonyeshwa watani wa nyumba fulani, na ombi letu lilikuwa moja tu: mtuonyeshe mzee yule anavyotembea. Watani hawakuhitaji kubembelezwa. Walitembea kwenye viwanja, kwenye njia za mashamba, mbele ya maduka, na Vitalis alisimama pembeni mikono nyuma akitazama miguu. Pale alipoona unyayo umegeuka, gari lilikwenda kumchukua mzee kwa ajili ya picha. Wakubwa walituuliza hii ni sayansi gani ya kuchekesha watu misibani. Vitalis aliwapelekea picha. Mfupa uliovunjika hauna utani, ukiuangalia kwenye mwanga unauona.

Namba ya juu ikapanda, ikaendelea kupanda mwaka hadi mwaka, mpaka ile ripoti ya kwanza ikaondolewa na kuandikwa nyingine. Wodi ya wanaume ikaongezewa vitanda. Wazee waliokuwa wameandikiwa dawa ya kuchua wakaanza kuteremshwa kwenda hospitali ya Ndanda kufungwa vyuma, na wengi walirudi na magongo wakilalamikia chakula, jambo lililotupa furaha kubwa. Vitalis amefundisha wahoji kizazi baada ya kizazi, na somo lake la kwanza kwao wote ni kwamba mzee akisema goti, wasiandike kitu mpaka wamemwona akitembea.

Hapo ndipo ningependa kuishia, pazuri. Lakini lazima nimtaje Mzee Ashiru wa Kitangari, jirani wa wazazi wangu.

Mzee Ashiru tulimwahi. Ndiyo tofauti yake na wengine. Alikuwa ameanguka karibuni, mfupa umepasuka lakini vipande bado vimeshikana, na mtu wa namna hiyo anaweza hata kutembea, kwa maumivu ya paja na ya goti. Ndio, goti linauma kweli, maumivu ya nyonga huteremka mpaka hapo, kwa hiyo wazee hawakuwa wakitudanganya moja kwa moja. Mkewe Bimdogo alituambia mzee amesafiri kwenda Lindi. Mtani wa nyumba hiyo akatuonyesha kwa kidevu mlango wa nyuma. Tulimkuta ameketi kitini, nadhifu, kanzu imenyooshwa. Vitalis alimwamkia, akakaa naye chini, akamweleza bila kuzunguka. Mzee akasikiliza, mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Nikisema kiuno, mwanangu, kesho asubuhi watani wanagawana mke wangu." Vitalis akacheka, mzee naye akacheka, na akakubali. Fortunatus akaenda kuligeuza gari. Sisi tukatoka kumwandalia nafasi.

Wageni wanatoka, na mwenye nyumba ni mtu mwenye adabu zake. Mzee Ashiru akasimama atusindikize.

Mlio ule niliusikia nikiwa nje. Ulikuwa mkavu, kama mtu amevunja kipande cha muhogo wa juani. Halafu Bimdogo akapiga ukunga. Tulimbeba, tulimfikisha, alifanyiwa yote yaliyowezekana, na hakurudi Kitangari akiwa hai. Daktari alisema kwamba angebaki amekaa mpaka machela ifike, zingetosha skrubu chache na angetembea. Vitalis hakuwahi kulizungumza jambo hilo na mtu yeyote ofisini. Ila mimi wazazi wangu wako kijiji kile, na ninajua kwamba kila mwaka baada ya mavuno anampelekea Bimdogo gunia la mahindi.

Sasa mnaelewa hofu yangu. Baba Flora anajua kuliko mtu yeyote kati ya Masasi na Newala nini kinaweza kuwa ndani ya hilo goti lake. Chumba cha picha kiko nyuma ya ukumbi huu, na ufunguo anao yeye. Tumemwomba. Upendo wa mapokezi amemwomba kwa machozi. Mganga mkuu alimwagiza kwa maandishi, naye Baba Flora akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Jibu lake ni lilelile, kwamba atapiga picha baada ya sherehe. "Nilianza kazi kwa miguu yangu," ameniambia, "nataka nitoke getini kwa miguu yangu. Mtanibeba nikishakuwa mstaafu." Anataka leo aitwe jina lake, asimame, apokee makofi, atembee mpaka getini mbele ya wajukuu zake. Baada ya miaka thelathini na minne hilo si ombi kubwa. Na mimi nakiri kwamba lilinitia huruma, nikanyamaza.

Wiki iliyopita tulikuwa tunaosha vikombe na Upendo. Akaniuliza siku hizi Baba Flora anatembeaje, maana yeye anamwona ameketi tu. Nikamwonyesha bila kufikiri. Mkono ukaenda pajani wenyewe, uzito nikautupa upande wa pili, pumzi nikaibana kabla ya kukanyaga. Nilikuwa nimeshauhifadhi mwendo wake wote, kama mtani anavyouhifadhi mwendo wa mtu ambaye siku moja atamvalia koti. Upendo hakucheka. Mimi nikakaa chini palepale sakafuni nikalia. Unyayo wake bado haujageuka, nimeuangalia kila siku. Mguu bado haujafupika. Bado vipande vimeshikana, kama kweli vimepasuka, na hilo "bado" ndilo linaloniamsha.

Nilikwenda kwa mkewe, Mama Flora. Nikamwambia ninachotaka kuandika, na kwamba Baba Flora atakisoma pamoja na ninyi wote, kwa wakati mmoja, na kwamba huenda asinisamehe. Akaweka kando ungo wa mboga aliyokuwa akichambua. Kisha akasema, "Andika, mwanangu. Akinuna, anune akiwa hai."

Kwa hiyo, Baba Flora, najua umefika kwenye ukurasa huu, maana wewe husoma kila kitu mpaka jina la mchapaji. Sasa nasema na wewe. Tunakushukuru kwa kutufundisha kutazama miguu. Tunakushukuru kwa kila babu aliyerudi kutoka Ndanda akilalamikia chakula. Ulipiga makofi pamoja nasi tulipokosea, ukawa wa kwanza kurudi kijijini kurekebisha. Umetufanya tuwe waoga, na kwa uoga huo wapo watu wanaoishi leo.

Lile ulilokuwa unalificha limeshasomwa. Ukumbi mzima unajua kwamba si goti. Kiuno chako kimetajwa hadharani, mbele ya mkeo, wakwe zako, mchungaji na shehe, na dunia haijaanguka. Kama yupo anayecheka ni mimi, na mimi nina haki hiyo tangu enzi za mababu. Mkeo nitakuja kumposa kesho, kwa heshima zote, na mahari nitaleta embe moja bichi. Aibu imekwisha, mtani. Kilichobaki ni mfupa tu.

Fortunatus amesimama nyuma ya pazia la kushoto kwako na machela. Chumba cha picha kiko wazi, ufunguo Mama Flora aliniahidi kuuchukua mfukoni mwako asubuhi ya leo ukiwa unaoga. Tunakutakia uzee mrefu na wenye kelele, wa kutugombeza kwa sakafu zetu zilizoloa. Tunakutakia wajukuu wa kukushika mkono, na miguu miwili ya kuwafuata.

Baada ya muda mfupi mshereheshaji atalitaja jina lako na kukuomba usimame upokee makofi. Tafadhali, Baba Flora, usisimame. Kaa hapohapo ulipo. Ukumbi mzima tutasimama sisi.

Rukaiya Majaliwa, muuguzi,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako wote